Nilijifunza power chord ili mama asinyang'anywe uimbishaji: yaliyonikuta Ilagala

Wakuu, salamu kwenu wote, wenye vyombo na mnaosikiliza tu kama nilivyokuwa mimi.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya muda mrefu. Leo naweka la kwangu. Chumvi sijatia, ila majina nimebadilisha kwa sababu wanakwaya wenzangu nao wana simu.

Naishi Gungu, Kigoma, nauza spea za pikipiki. Kwenye familia yetu mwenye muziki ni mama. Mchana anauza dagaa mwalo wa Katonga, jioni ni mwimbishaji wa kwaya ya kanisani kwetu. Yaani yeye anatangulia, wengine wanaitikia.

Sasa shikeni hili, maana ndilo lililonitoa jasho. Kwaya yetu ina utaratibu wa tangu waanzilishi: mwimbishaji haombi key, yaani sauti ya kuanzia, kwa mtu. Anaanza peke yake, mstari mzima, bila chombo. Wapigaji wanasikiliza alipo, halafu wanamfuata. Ukimpigia noti kabla hajaanza, wazee wanakuona huna adabu.

Mama alifanya hivyo miaka na miaka bila shida. Kisha akaota goita, akafanyiwa upasuaji wa shingo. Alipona vizuri, lakini daktari alishamwambia sauti itarudi taratibu na huenda isiwe ile ile.

Ikarudi nyembamba. Akiimba bila chombo cha kumshikilia, ilikuwa inateleza na kushuka. Na vyombo ndio hatukuwa navyo. Kinanda kilikufa kwa radi, na mnaoijua Kigoma wakati wa mvua mnaelewa. Mpiga gitaa alikuwa amepata kazi Mpanda, akahama. Gitaa la kwaya likabaki limeegemea ukuta, linaota kutu.

Siku moja baada ya mazoezi, mwenyekiti wa kwaya, Mzee Bukuru, akamwita mama pembeni. Nilikuwa nimeenda kumchukua na pikipiki, nikasikia yote.

"Mama Gide, sisi tunakuheshimu sana. Ila Ilagala tunaenda kwenye ufunguzi wa kanisa, wageni watakuwa wengi. Uimbishe wewe, tuone. Ukishindwa Suzana ataupokea wimbo hapo hapo, na itakuwa basi."

Mama akasema, "Sawa, Mzee."

Suzana ni binti mwenye sauti nzuri, sina la kumsema. Lakini siku ile nilimchukia bure kabisa.

Tulipofika nyumbani akaanza kuchambua dagaa za kesho, anatoa mawe na makombe, na nikaona anatupa dagaa na kubakiza mawe. Mama yangu si mtu wa kulia. Ndipo nikajisikia nikisema, "Gitaa nitapiga mimi."

Wakuu, gitaa nilikuwa sijawahi kulishika. Ila maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nikachukua lile gitaa la kwaya, nikamfuata Desire. Huyu ni kinyozi hapa Gungu, wazazi wake ni wa Burundi, na gitaa alijifunzia kambi ya wakimbizi, kwenye kwaya ya vijana. Nikamwambia nina wiki chache na sijui lolote. Akaangalia vidole vyangu vilivyojaa grisi, akacheka sana.

"Kaka, chord za kawaida hutaziweza kwa muda huo. Nakupa power chord. Vidole viwili tu."

Kwa beginner wenzangu, chord ni noti kadhaa zinazolia pamoja, na hii iko hivi. Kidole cha kwanza unabana uzi mnene kabisa. Kidole cha pete unabana uzi unaofuata, ukiruka freti moja katikati, vile vyuma vya shingoni. Hizo nyuzi mbili ndizo unazopiga, zilizobaki unazigusa kidogo zisilie. Umemaliza.

Utamu wake ni kwamba umbo halibadiliki. Ukitaka chord nyingine unauhamisha mkono mzima kama ulivyo, kupanda au kushuka kwenye shingo ya gitaa. Wimbo wa mama ulikuwa na chord tatu tu. Kwa hiyo ni umbo moja, sehemu tatu.

Kwa maneno ni rahisi. Kwa vidole ni adhabu. Wiki ya kwanza ncha zilichubuka nikawa nahesabu boliti za wateja kwa kutumia mkono wa kulia peke yake. Uzi wa tatu ulikuwa unalia kila nikipiga. Nikihama, nafika freti ya jirani. Mteja mmoja akaniuliza kama nimenunua gitaa au nimenunua ugomvi na majirani.

Kila jioni nilikuwa nafanya mazoezi na mama akiwa anachambua dagaa. Anaanzisha, mimi naingia. Na kwa kuwa amekaa, ametulia, alikuwa anaanzia pale pale kila siku.

Hapo ndipo nikafanya ujanja wa kijinga. Nikakata plasta za kidonda, nikabandika vipande vitatu shingoni mwa gitaa, kila mahali pa chord. Nikawa sisikilizi tena, naangalia plasta. Wimbo ukanyooka, nikajiona fundi.

Desire alipoziona hakucheka.

"Toa hizo. Mama ndiye anayechagua mahali, si plasta."

Sikutoa. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya safari tulipanda boti asubuhi kutokea Ujiji. Ziwa lilikuwa limechafuka, upepo wa kusini unatupiga usoni, maji yanaruka ndani. Gitaa nililifunga kwenye turubai nikalikumbatia. Mama alijifunika khanga mpaka puani, na kila akikohoa mimi nageuka kumtazama. Nilitamani injini izime turudi nyumbani.

Tulipofika Ilagala uwanja ulikuwa umejaa. Jenereta linanguruma, spika ndogo ya gitaa imewekwa juu ya kreti la soda. Mzee Bukuru kaketi mstari wa mbele na wageni. Suzana kasimama nyuma ya mama, hatua moja tu. Wameshapanga kila kitu, nikawaza.

Tukaitwa.

Mama akapiga hatua mbele na kuanza.

Alikuwa ameanzia chini. Sauti imekauka kwa upepo wa ziwa, akachagua mahali anapoweza, na hapakuwa pale pa nyumbani. Mimi nilijua kuna kitu kimebadilika, ila mkono ulikuwa umeshazoea. Mstari ukaisha, nikaingia kwenye plasta.

Ule mlio sitausahau. Sauti yake huku, gitaa kule, na spika inautangaza uwanja mzima. Watoto wa mbele wakaziba masikio. Mtu akacheka. Mgeni mmoja akamgeukia Mzee Bukuru, na Mzee akainua mkono nusu, akimtazama Suzana. Nikamwona Suzana anavuta pumzi.

Mama hakugeuka. Aliendelea kuimba peke yake, na sauti ikaanza kuteleza.

Nikabana nyuzi zote kwa kiganja zikanyamaza. Nikapunguza sauti ya gitaa mpaka nikawa nasikia mwenyewe tu. Nikaacha kuangalia shingo ya gitaa, nikaangalia mgongo wa mama, nikaanza kumtafuta kwa kidole kimoja kwenye uzi mnene. Nikarudi nyuma freti moja. Bado. Nyingine.

Ikakaa.

Mwili mzima ulijua kwamba imekaa. Nikaweka kidole cha pete, nikafungua sauti, nikapiga.

Kuanzia hapo umbo likanibeba. Zile chord mbili nyingine ziko mbali ile ile popote unapoanzia, kwa hiyo mkono ukahama kama ulivyozoea, ila kila kitu kimeshuka pamoja. Power chord haina maneno mengi. Ni sakafu tu, na mama alikuwa anahitaji mahali pa kusimama. Sauti yake ikaacha kuteleza. Wanakwaya wakaitikia kwa nguvu, nadhani na wao walikuwa wameshikilia pumzi. Mkono wa Mzee Bukuru ukarudi kwenye goti.

Nikajua tumepona. Kumbe bado.

Zamani, kabla hajaugua, mama alikuwa na tabia ya kupandisha ubeti wa mwisho. Anapanda tu bila kumwambia mtu, mnamfuata mkihema. Tangu upasuaji hakuwahi kujaribu, hata nyumbani. Sasa tunafika ubeti wa mwisho, nikamwona anainua bega la kushoto, nikasema moyoni mama usifanye hivyo.

Akapanda.

Sikuwa na muda wa kufikiri. Nilisukuma mkono mzima mbele, freti mbili, na vidole vikatua juu ya plasta. Alikuwa amerudi pale pale pa nyumbani. Sauti ilikwaruza, ikapasuka kidogo katikati, lakini haikushuka. Kina mama wa Ilagala wakapiga vigelegele hadi sikusikia tena gitaa langu. Nililia mbele za watu, sioni aibu kuandika.

Baadaye tukiwa tunakula ugali na samaki wa migebuka, Mzee Bukuru akaja mwenyewe na kuchuchumaa karibu na mama.

"Mama Gide, uongozi tumeongea. Uendelee. Suzana atasubiri."

Mama akanawa mikono kwanza.

"Hapana, Mzee. Suzana aimbishe kuanzia leo. Mimi nitasimama kwenye alto, sauti ya pili."

Suzana alikuwa ameshika sahani, akaiweka chini. Mama akamwita, akamwonyesha kwa kunong'ona jinsi ya kuvuta pumzi kabla ya ubeti wa mwisho. Nikajisikia vibaya kwa chuki yangu yote ya bure.

Kwenye boti ya kurudi nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza, sasa vidole vyangu vilichubuka kwa ajili ya nini?

Akanijibu, "Mwana wanje, mwanangu, nilijua siku nyingi kwamba sauti imeisha. Nilichokuwa nataka ni kuitoa nafasi ile kwa mkono wangu, wasije wakaninyang'anya."

Nikakaza turubai la gitaa, tukafika Ujiji.

Nilichojifunza, kwa wanaoanza gitaa: power chord itakufikisha haraka, ila usibandike plasta. Jifunze umbo, kisha mahali pa kuliweka umsikilize anayeimba. Na kuhusu wazazi, sina la kuwafundisha, bado namtafakari yule mama.

Siku hizi anasimama alto, mstari wa pili. Suzana anaanzia juu balaa, nami natafuta kwa kidole kimoja kama siku ile.

Karibuni mnikosoe, hasa wapiga gitaa. Na kama kuna mtu humu amewahi kumwona mzazi wake akiachia kitu alichokipenda, aandike hapa chini alifanyaje siku hiyo.