Kiwiko Dirishani

Eliamini, dereva wa watalii pale Karatu, ni mtu wa kutaka kujua. Akiona kinyesi njiani atasimamisha gari akichunguze, akwambie ni cha mnyama gani na alikula nini. Basi mkono wake wa kulia ulipoanza kufa ganzi, aliuchunguza vivyo hivyo.

Alichukua mwiba wa mgunga akajichoma kidole baada ya kidole. Kidole cha mwisho kilinyamaza kabisa. Cha pete ndicho kilichomshangaza: upande mmoja uliuma, upande wa pili haukuwa na habari. Akachora mstari wa kalamu katikati.

"Mama Dickson, njoo uone! Kidole kimoja, nusu kizima, nusu kimekufa."

"Na wewe unacheka?" mkewe Naomi alisema. "Jana ulishindwa kuzungusha ufunguo wa mlango. Gari utaliwashaje?"

Kicheko kikakatika. Kazi nyingine hakuwa nayo. Aliogopa kwelikweli, akaenda hospitali.

Daktari aliutazama ule mstari, akasema, "Hebu kaa kama unavyokaa garini."

Eliamini akashika usukani wa hewani kwa mkono wa kushoto. Kiwiko cha kulia kikaenda chenyewe kuegemea ukingo wa meza.

"Madereva wote tunakaa hivi, daktari."

Kumbe mshipa wa fahamu wa kidole cha mwisho na nusu ya jirani yake hupita nyuma ya kiwiko, pale ukijigonga unapigwa shoti. Barabara mbovu ya kreta, lile bonde la wanyama, ilikuwa ikiusaga kwenye ukingo wa dirisha kila siku. Eliamini alifurahia jibu hilo, mpaka alipoambiwa huenda ganzi isiishe yote. Kiwiko kikae ndani, basi.

Huko kreta, Obed, dereva mwenzake, hakumwacha. "Mikono yote ndani! Umekuwa bibi harusi?"

Eliamini alikanyaga mafuta akapita. Kidole cha pete kilikuwa kimeanza kuwasha, na mwasho ule aliufurahia mno: kilikuwa kinaamka.

Asubuhi moja magari yao yalisimama dirisha kwa dirisha, wapeane habari za faru. Safari hii Obed hakutania. Alishusha sauti.

"Kaka, hicho kidole chako kilianzaje?"

Eliamini akachomoa mwiba kwenye kofia. "Lete mkono. Fumba macho."

Obed akafumba, uso ameukunja, akasubiri.

"Anza basi, mbona unachelewa?"

Eliamini alikuwa ameshamchoma mara mbili.