Emoji ya Tatu Kutoka Kushoto

Kwa miezi kadhaa nililipwa mshahara kwa kueleza namna ya kugusa simu. Usicheke. Kampuni moja ya nje ilikuwa imetengeneza zana za kuiwezesha programu ya akili mnemba kutumia simu kama mtu: iitazame skrini, iamue, kisha iguse, itelezeshe, au ibonyeze na kushikilia. Kazi yangu ilikuwa kuandika mwongozo wa Kiswahili wa zana hizo, tendo kwa tendo, na kujaribu kila agizo kabla ya kuliandika. Niliifanyia kazi hiyo chumbani kwangu Majengo, juu ya duka la nafaka, vumbi la mtama likinifuata mpaka kwenye kibodi. Jirani akiniuliza nafanya kazi gani, nilijibu "mambo ya teknolojia" na kutazama mbali, kama mtu aliyekabidhiwa siri za serikali.

Kampuni ilisisitiza jambo moja: majaribio yafanyike kwenye simu tupu, isiyo na mambo ya mtu ndani yake. Simu tupu nilikuwa nayo, ila betri yake ilikuwa imevimba, na kuipeleka kwa fundi niliona uvivu. Nikaunganisha yangu. Na onyo lenyewe nilikuwa nimeliandika mimi, ukurasa wa kwanza, kwa herufi nzito.

Siku hiyo nilikuwa kwenye sura ya kubonyeza na kushikilia. Agizo lilikuwa jepesi: fungua mazungumzo ya juu kabisa kwenye orodha, bonyeza na ushikilie ujumbe wa mwisho mpaka emoji zitokee, kisha gusa ya tatu kutoka kushoto. Kwa nini ya tatu? Kwa sababu nilitaka kuonyesha kwamba programu inajua kuhesabu. Mazungumzo ya juu yalikuwa yale ninayojitumia mwenyewe orodha za vitu vya sokoni. Nikaianzisha, nikaenda kumimina chai.

Nikiwa namimina chai, shangazi yangu aliandika kwenye kundi la ukoo, na kundi likapanda juu ya orodha. Shangazi huyu ndiye aliyenilea kule Gulwe tangu nikiwa darasa la pili. Alikuwa hospitali, hapa hapa mjini, mumewe akisubiri kupasuliwa tumbo. Alipona, namshukuru Mungu, ndiyo maana nina ujasiri wa kusimulia. Shangazi aliandika: "Ndiyo wanamwingiza sasa. Naogopa."

Niliporudi na kikombe, ripoti ilikuwa tayari kwenye kompyuta: kazi imekamilika, hakuna kosa. Na chini ya ujumbe wa shangazi, kwa jina langu, kulikuwa na uso unaocheka mpaka machozi.

Niliufuta haraka, nikawa nimeharibu zaidi, maana sasa nilionekana mtu aliyecheka kisha akaogopa kuonekana. Binamu mmoja alikwisha kuandika, "Kaka, uko sawa?" Nikampigia shangazi, hakupokea. Nikapiga tena, kimya. Niliogopa kweli. Nikatoka na kandambili miguuni, nikadandia bajaji, na njia nzima nikawa natunga utetezi: kwamba programu hugusa mahali, haijali ni kitu gani kipo hapo, kwamba orodha ilihama, kwamba tatizo lilikuwa kwenye agizo. Ulikuwa utetezi mzuri kama mwongozo wangu, ulikosa vichwa vya sura tu.

Nilimkuta kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, kikapu chenye chupa ya uji pembeni yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," alisema, bila kunitazama.

"Siyo mimi, shangazi. Ni mashine. Niliiagiza ibonyeze kwingine, ikabonyeza kwako."

"Mashine ya nani?"

"Ya kampuni. Ila kwa sasa iko kwangu."

"Mbuzi akiingia kwenye mtama wa mtu, tunamwita nani barazani? Mbuzi?"

Mbuzi wake nilikuwa nimewachunga miaka mingi, na si mara moja walimaliza shamba la jirani nikiwa nimelala. Jibu nililijua vizuri.

"Mwenye mbuzi," nikasema.

"Haya."

Nikamwomba msamaha, bila kutaja programu wala orodha. Nilimwambia kwamba nimemuumiza na kwamba naona aibu. Shangazi akasogeza kikapu ili nikae, nikadhani yameisha.

"Asubuhi niliwaandikia kwamba tumeshafika, anapasuliwa leo, mniombee," alisema. "Uliuona?"

"Niliuona."

"Ukanijibu nini?"

Sikuwa nimejibu. Niliusoma ujumbe ule saa mbili, nikajiambia nitamwandikia kitu kizuri, cha kumtuliza, nikishamaliza sura yangu. Na kutoka kwangu hadi kwenye benchi lile, kwa bajaji, ni dakika kumi na tano.

"Nilitaka nimalize kazi kwanza, shangazi."

Alitikisa kichwa, akajifunga khanga yake vizuri.

"Basi hiyo mashine usiigombeze," alisema. "Yenyewe ilicheka, lakini ilinijibu."