Taa ya Mteremko

Kaka yangu hakuwa mlevi wala mzembe. Nataka hilo lieleweke mapema, maana pale Mbinga watu walisema mengi. Alikuwa mbahili wa mafuta tu, na nani hakuwa mbahili wa mafuta miaka ile? Biashara zilikuwa zimeachiwa huru, wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wanafika mpaka Mkumbi, na baba alikuwa ametoa kahawa yake ya misimu miwili ili kaka anunue pikapu, mkweche uliokwisha kuchosha madereva wengine. Mkweche huo ndio ulikuwa ada za wadogo zetu, ndio mahari yake yeye kaka, ndio kila kitu.

Tulishusha mahindi Mbamba Bay na kupandisha usipa, vile visamaki vya ziwani, nikauze sokoni. Mimi mwenye samaki, yeye mwenye usukani. Kule kuteremka hapakuwa na dereva aliyekubali kuunguza mafuta. Ukifika kwenye mteremko unazima injini, ufunguo unauacha wazi, gari linashuka lenyewe kimya mpaka unasikia ndege. Na injini ikizimwa hivyo, taa nyekundu ya oili inawaka kwenye dashibodi. Safari ya kwanza niliogopa, nikamwuliza. Akacheka.

"Hiyo ni taa ya mteremko, dada. Izoee."

Nikaizoea. Tukaizoea wote wawili, ole wetu.

Siku hiyo tulipakia usipa tukaanza kupanda. Injini inanguruma, na taa inawaka.

"Kaka, mbona tunapanda na taa ya mteremko?"

Akaipiga dashibodi kwa kiganja. "Swichi imeganda hiyo. Oili nimepima asubuhi, imejaa."

Na kweli ilikuwa imejaa. Nilimwona mwenyewe akifuta kile kijiti cha kupimia kwa pindo la shati. Mbele kidogo injini ikaanza kulia tiki-tiki kwa juu, halafu ko-ko-ko kwa chini, zito, kama mtu anagonga mlango kwa ngumi. Usipa ulikuwa mbichi, hausubiri. Akasema tufike kwanza. Tukafika kwa kujikokota.

Fundi wetu alikuwa mtu wa utani, kila gari lililoletwa kwake aliliita marehemu. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, akasikiliza juu, akasikiliza chini. Kisha akaing'oa kwenye injini ile swichi inayowasha taa ya oili, akamwambia kaka apige stata. Oili ilitakiwa iruke pale kwenye tundu. Tundu likabaki kavu.

"Oili unayo, ila haipandi. Pampu imekufa."

Uso wa kaka ukachangamka. Pampu ni kitu kidogo! Akaanza kuuliza itapatikana Songea au mpaka Njombe. Fundi aliingia chini ya gari, akamwaga oili kwenye karai, nayo ilikuwa inametameta vumbi la beringi. Akafungua sampu, lile bakuli la oili la chini ya injini, akashika mkono wa pistoni akautikisa, ukacheza kama jino bovu. Kranki, mhimili mkuu wa injini, ilikuwa imekwanguka vibaya.

"Taa haikuwaka?"

"Iliwaka," kaka akasema.

"Na ukaendelea?"

Nikajibu mimi, "Huwa inawaka, fundi. Tukiteremka."

Nikasubiri aseme marehemu, tucheke yaishe. Alinawa mikono kwa dizeli, akatuambia pole.

Injini nyingine hatukuipata. Baba hakugomba, alisema basi, na kaka akarudi kuchimba ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia milimani, kwenye shamba la baba. Inaniuma mpaka leo, maana lile gari angeliegesha pale taa ilipowaka, tungebadilisha pampu tu.

Pikapu ikawekwa juu ya mawe nyuma ya jiko. Akitoka shamba anaingia ndani, anafungua ufunguo, anaitazama ile taa. Mama anamwita aje ale, haitiki. Hata siku betri ilipoisha, taa ikagoma kuwaka, alikaa pale pale mpaka nilipomfuata. Akashuka, akafunga mlango taratibu.

"Siku hizi usipa wako unapanda na gari la nani?" akaniuliza.

Nikamwambia biashara ya samaki nimeiacha. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka sokoni, na kanga yangu ilikuwa inanuka usipa.