Zubeda na Paa la Nyumba ya Wachina

Zubeda Othmani alikuwa amefundisha historia ya majengo kwa miaka saba katika chuo kikuu kimoja cha Johannesburg, yote kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Kila Novemba alikosa hamu ya kula mpaka mkataba mwingine utoke.

Alizaliwa Tanga, akasomea Nanjing. Huko ndiko alikopenda mapaa ya Kichina: vipande vya mbao vilivyopachikwa juu ya nguzo, tabaka kwa tabaka, vikibeba uzito wote bila msumari. Alipofika Johannesburg aliviona vipande kama hivyo kwenye jumba la mikutano la Wachina wa zamani, katikati ya mji. Msimamizi hakumruhusu kupanda darini. Akatumia picha alizopiga kutoka chini, akaandika makala kwamba vilichongwa na mafundi wa kusini mwa China mwaka 1911. Makala hiyo ndiyo iliyompa jina.

Mwaka jana chuo kilitangaza nafasi ya kudumu, Zubeda akaitwa kwenye usaili. Wiki hiyohiyo mvua ya mawe ikatoboa paa la lile jumba. Msimamizi akampigia simu: aje aone kabla matengenezo hayajaanza.

Akaenda na jirani yake wa mtaa wa Bertrams, Lambert, seremala kutoka Lubumbashi, mwenye ngazi ndefu. Njiani hakutulia. Kila robot, taa ya barabarani, ikiwaka nyekundu alifungua begi kuhakikisha tochi imo.

Darini, Lambert aligonga mbao moja kwa kidole, kisha ya pili.

"Madamu, hii mbao haiko inabeba kitu."

"Haibebi vipi? Ndiyo inayoshika paa zima."

"Angalia nyuma. Iko misumari. Paa inalala juu ya chuma."

Zubeda akamulika. Kweli, boriti ya chuma ilipita kutoka ukuta hadi ukuta, na mbao zilikuwa zimepigiliwa tu mbele yake kama pambo. Ubavuni mwa mojawapo palikuwa na muhuri wa kiwanda cha mbao cha Durban, 1957.

"Kuna mwingine aliyeona?" aliuliza, na papo hapo akaona aibu.

"Mimi na weye tu."

Siku tatu zilizofuata alisugua jiko lilelile mara mbili, akatembea mpaka uwanja wa Ellis Park na kurudi bila sababu, akaandika barua kwa jarida na kuifuta. Mwishowe akampigia dada yake, Fauzia, aliyeko Tanga.

"Usaili Alhamisi, barua tuma Ijumaa," Fauzia alisema. "Kwani umemdanganya mtu?"

"Bado."

"Bado?"

"Alhamisi wataniuliza habari za makala hiyo, dada. Ndiyo wanayoijua."

Na kweli, swali la kwanza la jopo lilikuwa hilo. Zubeda akawaeleza kila kitu, misumari na muhuri. Hakuna aliyemkemea. Lakini mwanamke mmoja, Profesa Hélène, aliuliza kwa upole:

"Makala zako nyingine, nazo uliziandika kutoka chini?"

"Mbili kati ya tano."

Nafasi ilikwenda kwa mtu wa Cape Town. Makala iliondolewa jaridani. Zubeda alilia siku moja nzima, kisha chuo kikampa mkataba wa nane, naye akausaini akiwa amesimama.

Sasa anaandika upya. Mzee mmoja wa lile jumba alimsimulia kwamba miaka ile ya hamsini, sheria za ubaguzi zikitishia kuwahamisha Wachina, wazazi wao walitaka jumba lionekane la Kichina hata kwa mtu apitaye barabarani. Kwa Zubeda hilo ni kubwa kuliko alilolikosea, ingawa hajui kama kuna jarida litakalomwamini tena.

Jumamosi hutoka na Lambert kwenda kwenye majengo mawili aliyowahi kuyaandika bila kuingia darini. Kuhusu la kwanza alikuwa sahihi. La pili, mwenye jengo bado hapokei simu, na Zubeda ameshapita mlangoni kwake mara nne.