Caiye Hakuitwa Darajani

Asubuhi ile Caiye alimpa mumewe kioo amshikie. Kioo kilikuwa kimelowa. Ulikuwa mwezi wa unyevu, upepo wa kusini unapoleta ukungu na kila kitu ndani ya nyumba hutoa jasho: sakafu, meza, hata picha za wazazi ukutani. Rongzhu alikifuta kwa mkono wa shati, akakishika.

Caiye alikuwa na miaka sabini na moja. Nywele alizitengeneza vile vile kama siku aliyoolewa. Alizivuta nyuma, akazifunga fundo, akapitisha kijiti cha mfupa katikati, halafu akazungushia vikuba vya asumini, duara ndani ya duara. Wanawake wa Xunpu hawaendi sokoni kichwa kitupu.

"Inua kidogo," alisema. "Naona pua yako tu."

"Pua yangu ina ubaya gani?"

"Ubaya wake naujua mwaka wa hamsini na mbili huu. Inua, mzee. Mbona unatetemeka?"

"Kwa uzuri wako."

"Sema njaa. Uji uko mezani."

Walikunywa uji wa mchele kwa figili za chumvi. Caiye akaketi kibarazani na kisu chake kifupi, akaanza kufungua chaza. Rongzhu alikwenda nyumba ya tatu kuziba ukuta. Hiyo ndiyo kazi yake. Kuta za zamani za Xunpu zimejengwa kwa makombe ya chaza, makubwa kama viganja viwili, yasiyopatikana kwenye maji ya pale. Wazee husema yaliletwa na merikebu zilizorudi tupu kutoka bahari za mbali, yamewekwa chini ili ziwe nzito zisipinduke. Rongzhu hakusoma, lakini ukuta wa makombe aliujua.

Aliporudi kula, Caiye alikuwa bado ameketi. Kisu mkononi, chaza imefunguka nusu. Alikuwa akiitazama kama mtu aliyeulizwa swali. Mdomo wake ulikuwa umepinda upande mmoja.

Alilala siku tisa katika hospitali ya ng'ambo ya mto. Hakusema neno. Siku ya tisa akafa.

*

Caiye hakuzaliwa Xunpu. Alizaliwa kwa akina Liu, kando ya daraja la mawe, lile la zamani lililoko upande wa kaskazini wa mji. Lina karibu miaka elfu. Waliolijenga walipanda chaza kwenye miguu yake ili chaza ishike mawe, na imeyashika mpaka leo. Chaza ile hailiwi. Mtoto wa pale hufundishwa hivyo kabla hajajua kuhesabu.

Caiye alipokuwa na miaka sita ulikuwa wakati wa njaa. Dada yake mkubwa alishuka chini ya daraja maji yalipopwa, akang'oa chaza za mguu wa nne. Alijaza kikapu. Caiye alikuwa juu, amelala kifudifudi, anamchungulia. Maji yakarudi. Aliona kikapu kikielea. Dada yake hakuonekana tena. Watu wa pale walisema daraja limemchukua kuziba pengo la chaza alizong'oa.

Tangu hapo Caiye hakuvuka daraja lolote peke yake. Aliingia matopeni mpaka kiunoni, alibeba chaza kwa mti begani mpaka mjini akizitangaza kwa sauti iliyosikika mitaa miwili. Hakuogopa mtu. Ila akifika darajani alisimama. Alishika mkono wa shati la Rongzhu, akafumba macho, na Rongzhu akawa anamwambia, "Bado. Bado. Bado." Wakifika upande wa pili alisema, "Tumevuka." Hapo ndipo Caiye alipofumbua.

"Na siku ukisahau kuniambia?" alimuuliza mara moja, wangali vijana.

"Utabaki palepale umefumba macho, watu wakudhani nguzo ya taa."

Alimpiga na kofia yake ya miyaa.

*

Mwili ulichomwa, kama sheria inavyotaka. Majivu yaliwekwa kwenye mtungi. Lakini watu wa huko wanajua roho haiji ndani ya mtungi. Roho huja ikiitwa. Aliyefia mbali anawashiwa kijiti cha udi, picha yake inabebwa, na njia nzima anaambiwa: hapa tunashuka ngazi, hapa tunakata kona. Kwenye daraja ndipo lazima zaidi. Asipoambiwa, anabaki ng'ambo.

Rongzhu aliita. Kwenye mlango wa hospitali aliita. Kwenye ngazi aliita. Ndani ya gari la kukodi alikaa nyuma na picha magotini, na kila kona alisema, "Caiye, tunakata kushoto. Caiye, kulia." Binti yao Yunzhen alikuwa pembeni yake na mtungi. Alikuwa hajalala siku tisa. Usingizi ulimchukua.

Ukungu ulikuwa mzito. Njia ilipanda polepole, laini, bila kishindo. Rongzhu alingoja daraja jipya la mto. Hakuona nguzo, hakuona maji. Kweupe pande zote.

"Mzee, mbona umenyamaza?" dereva aliuliza. "Nilidhani wenzetu mnaita mpaka nyumbani."

"Nangoja daraja."

"Daraja lipi tena? Tumeshalishuka."

Rongzhu aligeuka. Nyuma kulikuwa kweupe.

"Geuza," alisema kwa sauti ya chini.

"Hapa hakuna pa kugeuzia, mzee wangu, mpaka kule mbele kabisa. Nami nina watu wengine wananingoja."

Alimtazama Yunzhen. Alikuwa amelala, kichwa juu ya mtungi. Rongzhu hakumwamsha. Kona ya kwanza baada ya hapo aliita, "Caiye, kulia." Sauti yake mwenyewe ilimtisha. Ilikuwa kama ya mtu anayezungumza chumbani peke yake.

*

Nyumba ilikataa kuwa nyumba. Kijiti cha udi kiliungua mpaka nusu, kikazimika. Kila kijiti, nusu ile ile. Kuta za makombe hunong'ona upepo ukipita, ndivyo zilivyo. Sasa upepo ulipita na ukuta ukanyamaza. Rongzhu aliuwekea sikio. Kimya.

Na njiani alimwona Caiye kila mahali. Siku hizi wasichana wa miji ya mbali huja Xunpu kukodi nguo za kina mama wa pale na kutiwa maua kichwani, wapige picha. Wanajaa vichochoroni. Ukimwona mtu kwa nyuma, fundo ni lile, vikuba ni vile, kijiti cha mfupa ni kile.

"Caiye!" aliita siku moja. Aliyegeuka alikuwa binti wa miaka ishirini.

"Babu, tupige wote picha?"

Rongzhu akaenda zake.

Siku ya saba waliandaa wali, bata na mayai yaliyokaangwa na chaza. Jirani yao Mama Aluan, ajuze anayejua mila, alikuja na vile vipande viwili vya mti vya kuulizia, vilivyochongwa kama mwezi mchanga, upande bapa na upande wa mgongo. Kimoja kikianguka chali na kimoja kifudifudi, marehemu anasema ndiyo. Vyote kifudifudi, hapana. Vyote chali, anacheka.

Yunzhen alipiga magoti. "Mama, umekula?" Akavirusha.

Hapana.

"Mama, chakula hukukipenda?"

Hapana.

"Mama, upo hapa?"

Vilianguka kifudifudi vyote viwili, bila kuruka, kama vilivyobandikwa sakafuni.

Mama Aluan aliacha kutafuna. "Shemeji," alimwambia Rongzhu, "darajani mlimwita?"

"Tulimwita," alijibu Rongzhu.

Mama Aluan aliokota vipande vyake akavirusha mwenyewe. Kifudifudi.

"Rongzhu, mimi nimezika wanaume wawili na mama mkwe," alisema. "Usinidanganye, nami si mtoto. Asipofika kabla ya saba ya pili, siku ya kumi na nne, atazoea huko aliko. Wakizoea hawaji. Na wakija, hawaji kwa wema."

Yunzhen alianza kulia. "Baba, mimi nililala. Baba, ulimwita?"

Rongzhu aliinamisha kichwa. Hakuweza kumdanganya mara ya pili.

*

Asubuhi yake alichukua koti la buluu la Caiye, vijiti vya udi, na vipande vya Mama Aluan. Yunzhen alitaka kwenda naye.

"Ni mimi niliyemwacha," alimkatalia Rongzhu.

Alitembea. Ukungu ulikuwa bado. Alivuka daraja lote kwa upande wa waenda kwa miguu mpaka mwanzo wake, ng'ambo. Huko aliwasha udi. Magari yalipita karibu, yalisikika kabla ya kuonekana. Alilitandika koti kwenye mkono wake wa kushoto.

"Caiye," alisema. "Ni mimi. Nilisahau. Sikusahau, sikuliona. Halafu nilijua, nikaona haya mbele ya mtoto, nikanyamaza. Nimekuacha siku zote hizi umefumba macho. Basi. Ndiyo hivyo."

Akavirusha vile vipande juu ya saruji. Vyote chali. Anacheka.

"Cheka," alisema Rongzhu. "Cheka, ni haki yako. Tunakwenda?"

Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Aliuliza mara ya pili. Ndiyo. Mara ya tatu. Ndiyo.

Akaanza kurudi. Mila inakataza kugeuka, naye hakugeuka. "Caiye, tunapanda daraja. Maji yako chini. Bado."

Baada ya hatua mia mkono wa shati lake wa kushoto ulianza kuwa mzito. Alidhani ni koti, limelowa ukungu. Alilihamishia kulia. Uzito haukuhama.

"Bado," alisema. "Bado."

Katikati ya daraja kijana mmoja alikuwa amesimamisha pikipiki, anafuta miwani.

"We mzee! Bado nini? Unaongea na nani?"

"Na mke wangu."

Kijana alicheka. Akavaa miwani, akatazama nyuma ya mzee. Kicheko kikakatika. Aliwasha pikipiki, na mpaka inamezwa na ukungu hakugeuza shingo.

Rongzhu alitamani kumwita amuulize ameona nini. Hakumwita.

"Bado," alisema. "Bado. Bado."

Njia iliposhuka na harufu ya matope ikaja, alisema, "Tumevuka." Mkono wa shati ukawa mwepesi ghafla. Hapo ndipo alipoogopa kweli. Caiye alikuwa amefumbua macho, sawa. Lakini anafuata, au amesimama?

Alimwambia kila kona mpaka Xunpu. Sokoni walimpisha. Wasichana wenye maua waliteremsha simu zao. Alifika kwake, akavuka kizingiti, akausukuma mlango mpaka ukagota ukutani, akasimama kando.

"Ingia," alisema.

Hakuna kilichoingia ila ukungu. Yunzhen alikuwa jikoni, upawa mkononi.

"Baba, amekuja?"

"Sijui."

"Uliza basi."

Vipande vilikuwa mfukoni. Aliviweka kiganjani, akavirudisha. Vikisema hapana, hana daraja lingine la kwenda. Alibaki ameshika mlango. Ukungu ulipita miguuni pake, ukapanda mezani. Robo saa ilipita, labda zaidi. Yunzhen hakuthubutu kusogea.

Ndipo sauti ikatoka chumbani, nyuma yao, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Haikuwa na haraka, na haikuwa imepinda. Yunzhen aliisikia, upawa ukamtoka mkononi. Rongzhu aliisikia. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya kisu na chaza, Caiye alisema:

"Baba Yunzhen, funga mlango. Ukungu unaingia."