Mashine Iliyoitwa Sibomana

Mimi Mwanahalima nauza vitenge hapa Omurushaka, na ukuta wa duka langu ndio ukuta wa nyumba ya Kantengwa. Wako wanaomsema vibaya hadi leo. Mbele yangu wafunge midomo, maana mimi nilikuwepo.

Kantengwa alizaliwa Nyabiyonza, katika familia yenye asili ya Rwanda, akaolewa na Theoneste, wa asili hiyohiyo. Mwaka tisini na saba Theoneste akaleta kompyuta mbili. Moja ilikaa sebuleni, walikopigia watu chapa barua zao. Nyingine ilikaa chumba cha nyuma alikolala baba yake, mzee aliyekuwa hoi kwa kifua. Fundi Byabato alitoka Bukoba akaziunganisha kwa waya. Alitueleza kwamba kila mashine ina namba yake, ila watu hatushiki namba, kwa hiyo zinapewa majina. Ya sebuleni inaita jina kwenye waya, mwenye jina anaitika na kutoa namba yake, ndipo zinapeana kazi. Kila jioni unabonyeza kitufe kimoja tu, ya sebuleni inamwita mwenzake na kuchukua nakala ya yaliyoandikwa. Theoneste, kwa kumpenda baba, ile ya nyuma akaiita Sibomana, jina la mzee mwenyewe.

Sasa kwa wenzetu hao, mke hatamki jina la baba mkwe, ng'o. Mume anapaza sauti sebuleni kwamba Sibomana azimwe, Sibomana anasumbua leo, na mzee kalala palepale anakohoa. Mtoto wa watu aliona haya hadi chakula kikamshinda. Nilimcheka, Mungu anisamehe. Nilimwambia lile ni dude tu, si mkwewe. Akanijibu taratibu kwamba mimi siyajui ya kwao.

Siku Theoneste alipokwenda msibani Mabira, Kantengwa aliingia kwenye ile mashine ya nyuma, pale alipomwona Byabato akiandika jina, akalifuta, akaweka “Mzee”. Mume aliporudi akaombwa aiite Mzee tangu siku hiyo. Akakubali, akidhani ni la mdomoni tu. Kumbe kile kitufe cha sebuleni Byabato alikuwa amekifundisha jina la zamani, na hakuna aliyekigusa.

Wiki hiyohiyo ndipo mzee alipoanza kutaja watu wake. Alikimbia Rwanda mwaka hamsini na tisa, akaacha ndugu huko. Theoneste alikuwa ameapa kuvuka mpaka awatafute waliosalia, na mzee peke yake ndiye aliyejua nani ni mtoto wa nani, na kila mmoja aliishi kilima gani. Kwa miezi miwili alitaja, Kantengwa akaandika kwenye ile mashine ya nyuma. Kila jioni alibonyeza kile kitufe cha sebuleni, yakatokea maneno ya Kiingereza, naye Kiingereza hakijui. Aliyafunga akaenda kupika. Mzee akafariki mwezi wa nne.

Hata arobaini haijafika, radi ikapiga nyumba upande wa nyuma, ile mashine ikatoa moshi. Theoneste hakushtuka. Alisema nakala zote ziko sebuleni. Akafungua, akatafuta majina ya ndugu asubuhi nzima, hakuna kitu. Byabato akaitwa, nami nikaingia kusikiliza. Ile iliyoungua alisema haina tiba. Akabonyeza kile kitufe, akasoma yale maneno, akaambiwa yalianza kutokea hata kabla ya radi, ile ya nyuma ilipoanza kuitwa Mzee, ndipo akauliza nani alibadilisha jina.

“Hii imekuwa ikimwita Sibomana kila jioni,” alisema, “na hakuna wa jina hilo aliyeitika.”

Kantengwa alikuwa amesimama mlangoni.

“Ni mimi,” alisema. “Sikutaka kumkosea baba.”

Theoneste hakumgombeza. Heri angemgombeza, tungejua la kufanya. Alikwenda kuchukua daftari na kalamu, akakaa sakafuni miguuni pa mkewe, mwanaume mzima.

“Mama Placida, wewe ndiye uliyeyaandika,” alisema. “Nitajie.”

Kantengwa akatikisa kichwa. Ukoo ule unaanzia kwa mzee, naye jina la mzee halitamki. Theoneste akamsihi. Akamwambia marehemu mwenyewe angemruhusu, kwamba hana mwingine wa kumuuliza duniani. Roho iliniuma, nikageukia dirishani. Ndipo nikamsikia.

“Sibomana,” alisema.

Akataja baba wa mzee, akataja dada wawili, akataja kaka mmoja, Anastazi, na kilima chake. Kalamu ilikuwa inakimbia. Kisha ikasimama. Mzee alikuwa ametaja watu zaidi ya sitini. Kantengwa alifumba macho, vidole vikachezacheza hewani kana kwamba anaandika, wala hakikutoka kitu. Akaanza upya kwa jina la mkwewe, akafika kwa Anastazi, akakwama. Akaanza tena. Hadi narudi kufunga duka bado nilikuwa namsikia ukutani, Sibomana, Sibomana, akimtafuta anayefuata.