Mtungi Uliobaki Umejaa

Nikiona mtungi mwekundu wa kuzima moto ukutani, damu hunichemka, hata nikiwa nimeketi kwa daktari wa meno nasubiri zamu yangu.

Nilikuwa nikifundisha shule ya msingi ya bweni karibu na Kibirichia. Jikoni tulikuwa na mtungi mmoja, sindano ya kipimo chake ikiwa kwenye kijani, na mtunza stoo aliupangusa kila Ijumaa kama picha ya harusi yake. Jinsi ya kuutumia hakuna aliyejua. Sheria inataka wafanyakazi wafundishwe. Sisi tulifundishwa jambo moja tu: usiguse.

Wiki ya ukaguzi, Jumanne asubuhi, nilikwenda jikoni kuomba maji ya chai. Mafuta ya kukaangia vitunguu yakawaka mbele ya macho yangu, mama mpishi akiwa amesimama hapo hapo. Nikaukimbilia mtungi. Nilikuwa nimeshaushika mtunza stoo aliponivuta mkono.

"Mwalimu, wacha hiyo," akaniambia, wala hakupaza sauti. "Wakaguzi wanakuja Alhamisi. Wakipata imeisha, tutawaambia nini?"

Nami, mtu mzima na cheti changu cha ualimu, nikasita. Sina wa kumsingizia. Tulipokuwa tukivutana, mama mpishi alichovya gunia la viazi kwenye karai la maji, akalitupa juu ya sufuria. Moto ulizimika, lakini mafuta yalimrukia mikono yote miwili hadi viwikoni.

Alhamisi mkaguzi akaja. Akatazama sindano, akaridhika, kisha akauliza ni nani aliyefundishwa kuutumia mtungi. Mtunza stoo akasema ni mama mpishi, tangu muhula uliopita, na akaandika hivyo hivyo kwenye fomu. Ilibaki sahihi ya mama mpishi. Yeye alikuwa nyumbani kwake, amefungwa bandeji hadi kwenye ncha za vidole. Mkaguzi alipotoka nje kuangalia mabweni, mwalimu mkuu akanisogezea kalamu.

"Mwalimu, msaidie mwenzako."

Nikatia sahihi. Nilidhani ni karatasi tu, ya kumwondoa mgeni aende zake.

Sheria yenyewe niliisoma baadaye, mstari kwa mstari, nikiwa na hasira. Inataka mtungi uonekane, ufikike, uhudumiwe, na ukishatumika ujazwe tena. Nilitafuta mahali panaposema usitumike kwa sababu mkaguzi yuko njiani. Hapapo. Watu wazima, wanaojua kusoma, walikuwa wameulinda mtungi dhidi ya moto.

Vidole viwili vya mkono wa kulia wa mama mpishi havikukunjika tena. Hakuweza kukamua ng'ombe wake mmoja, sembuse kusonga ugali wa shule nzima. Akaomba shule imsimamie matibabu na imtafutie kazi nyepesi. Kamati ikaitwa, nami nikahudhuria kwa niaba ya walimu.

Mwalimu mkuu akaitoa ile fomu, akaisoma polepole. Mfanyakazi huyu alifundishwa, akasema, akauacha mtungi uliojaa ukutani, akachukua gunia. Kwa hiyo alijiumiza mwenyewe. Wanakamati wakapitishiana fomu, kila mmoja akiitazama sahihi kana kwamba ameshawahi kuuona mwandiko wa mama huyo. Mtunza stoo alikuwa akiandika kumbukumbu za mkutano, na hakuinua kichwa.

Nikasimama. Nikasema hakufundishwa, hakuna hata mmoja wetu aliyefundishwa, na sahihi ile niliitia mimi.

"Kwa hivyo mwalimu," mwalimu mkuu akaniuliza kwa upole, "unakubali mbele ya kamati hii kwamba uliidanganya serikali?"

Mama mpishi, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alinigeukia, akingoja jibu langu. Nilikuwa na watoto watatu na kazi moja. Nikaketi.